Yusuf Alikimbilia Wapi?

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Peponi haisomeki Makanya kama inavyosomeka Unguja. Msomaji wa visiwani huingia kitabuni kwa mlango wa pwani: duka la mfanyabiashara, baraza, bustani iliyozungushiwa ukuta, misafara inayofunga mizigo kwenda bara. Msomaji wa Makanya, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare wilayani Same, huingia kwa mlango wa nyuma. Yeye ndiye bara yenyewe. Reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, inapita mbele ya nyumba zake. Stesheni ya mji mdogo wa Kawa, ambapo Yusuf angali mtoto anawaona Wazungu kwa mara ya kwanza, haihitaji kuelezewa mtu aliyekulia kando ya reli hiyo. Na pale riwaya inapokwisha, msomaji wa pwani akabaki anajiuliza kijana yule amekwenda wapi, wa Makanya ana haki ya kuuliza swali lililo karibu zaidi: je, alipita hapa?

Wapenda vitabu wote wana kitabu kimoja au viwili ambavyo wangetoa chochote vipatiwe juzuu ya pili. Mara nyingi tamaa hiyo ni ya kawaida tu. Msomaji amewazoea wahusika na hataki kuagana nao, kama mgeni anayechelewesha kuaga mlangoni. Lakini kuna vitabu ambavyo shauku ya mwendelezo wake haitokani na mazoea. Vinamwacha msomaji na deni. Peponi ni kimojawapo, na kwa fasihi ya upande huu wa dunia pengine ndicho kinachodai zaidi.

Mwisho wenyewe unajulikana, ila unafaa kuelezwa polepole, maana yote yanaanzia hapo. Yusuf aliwekwa rehani na babake kwa mfanyabiashara Aziz, ambaye mtoto alikuwa akimwita ami, mpaka Khalil, rehani mwenzake dukani, alipomfahamisha kwamba huyu hakuwa ami bali bwana. Amesafiri na msafara hadi nchi za ndani na kuona biashara ya bwana wake ikivunjika. Amerudi, akampenda Amina, msichana aliyelelewa na jamaa za Khalil kama dada yake na ambaye sasa ni mke mdogo wa Aziz. Kisha kinakuja kikosi cha Wajerumani kukamata watu. Watu wa nyumbani wanajifungia. Kikosi kinapiga kambi, kinaondoka na mateka wake, kinaacha kinyesi mahali pake, na mbwa wanakuja kukila. Yusuf anawatazama mbwa wale na anajitambua ndani yao. Nyuma yake anasikia sauti kama ya milango inayokomewa. Kikosi hakijapotea machoni. Anakimbia kukifuata.

Hakuna aliyemkamata. Hapo ndipo panapouma. Mwandishi alikuwa na nafasi ya kumfanya kijana huyu achukuliwe kwa nguvu kama wengine, na msomaji angelia akafunga kitabu. Badala yake Yusuf anakwenda kwa miguu yake kwa wale wale waliokuja kuwafunga wenzake kamba. Huu ni uhuru au ni utumwa wa pili? Mapema katika riwaya yupo Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliyewahi kupewa uhuru wake na asiutake, kwa hoja kwamba uhuru si kitu cha mtu kumpa mwenziwe. Wahakiki wengi wameipenda hekima ya mzee huyu. Ni hekima kweli, lakini ni ya mtu aliyebaki ndani ya ukuta akimwagilia maua ya mwingine hadi uzeeni. Yusuf anaikataa kwa miguu. Kinachokosekana ni kujua amepata nini badala yake, na kitabu hakisemi.

Msomaji wa pwani ana sababu nyingine ya kuona njaa, na hii haijazungumzwa inavyostahiki. Jina la Yusuf halikuokotwa. Kijana mzuri wa sura anayeota ndoto, aliyetengwa na nyumbani kwao, akawa mikononi mwa tajiri, akatamaniwa na bibi wa nyumba, kanzu yake ikachanwa kwa nyuma: mtoto yeyote aliyepita chuoni anaitambua sura ya kumi na mbili ya Kurani kabla hajafika katikati ya riwaya. Na anajua kisa kinavyoendelea. Baada ya kanzu kuna gereza, baada ya gereza kuna ndoto za mfalme, kuna hazina za nchi, kuna ndugu waliokuja kuomba nafaka wasimjue aliye mbele yao, na kuna baba kipofu anayerudishiwa macho kwa kanzu nyingine. Gurnah amechukua nusu ya kwanza ya kisa na kuiacha ya pili. Mwendelezo, basi, haukosi kwa sababu msomaji hawezi kuuwaza. Anaujua kwa moyo, na ananyimwa. Badala ya hazina za Misri anaonyeshwa mavi ya askari. Hakuna mkato mkali kuliko huo katika riwaya zetu.

Hata jina la kitabu limezidi kuwa na makali tangu lilipopata Kiswahili. Paradise ilitoka mwaka 1994 na kufika katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kutunukiwa Nobel ya Fasihi. Jina la Kiingereza limetulia, ni jina la mahali tu. Neno peponi tunalitumia hivyo hivyo, lakini kile kiambishi cha mwisho hakikulala: mtu yuko peponi, anakwenda peponi, anatoka peponi, na neno halibadiliki hata herufi. Yusuf anapoliacha lango la bustani, jina la riwaya linamfuata likiwa na maana zote tatu. Huu ni mfano wa mambo ambayo mfasiri huyapata bila kuyatafuta, na anastahili sifa kwa kutoyaharibu.

Si kwamba fasihi yetu haijui mwendelezo. Muhammed Said Abdulla alimzindua Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960, na kiko chake kikaendelea kutoa moshi kupitia Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na vilivyofuata. Raha ya vitabu hivyo ni kwamba Bwana Msa habadiliki. Msomaji anarudi kwake kama anavyorudi kwenye baraza aliyoizoea, na kila fumbo likifumbuliwa hakuna deni linalobaki. Kezilahabi aliifuatisha Nagona kwa Mzingile mwaka 1991, ingawa anayedhani atapata huko majibu ya aliyoyaacha nyuma atatoka na maswali zaidi.

Adam Shafi ni kisa kingine, na anahitaji kusomwa kwa mpango usio wa miaka ya uchapishaji. Kuli (1979) inatupeleka kwenye mgomo wa Unguja wa mwaka 1948. Vuta N'kuvute (1999) inakaa katika miaka ya 1950. Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotangulia kuchapishwa, mwaka 1978, inavuka Mapinduzi ya 1964. Haini (2003) inaingia katika magereza yaliyojaa baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972. Wanaolalamika kwamba hawakupewa habari za Yasmin baada ya ukurasa wa mwisho wa Vuta N'kuvute wangefaa kuvipanga vitabu hivi hivyo. Watu si wale wale, lakini mitaa ni ile ile, na kilichowangoja wahusika wa kitabu kimoja kimeandikwa ndani ya kingine chini ya majina mengine. Kisiwa chenyewe ndicho mhusika anayeendelea.

Hapo tunarudi kwa Gurnah, maana naye amelilipa deni lake kwa namna inayofanana na hiyo, baada ya miaka 26. Afterlives ilitoka mwaka 2020. Jina lake linaahidi waziwazi maisha yaliyofuata. Ndani yake yumo kijana aitwaye Hamza, ambaye babake alimtoa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya madeni, akatoroka, akajitolea mwenyewe kuwa askari wa Wajerumani. Msomaji wa Peponi anapofika hapo moyo unamruka: huyu ni Yusuf! Lakini siye. Jina limebadilika, na Gurnah hamrudishi kijana wake wa zamani kwa mlango wa uwazi.

Wapo walioona huu ni ukwepaji. Hoja yao ina uzito: ikiwa mtu anataka kuendeleza hadithi, na aiendeleze. Ila wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wana chombo cha kulielewa jambo hili ambacho mhakiki wa London hana, nacho ni takhmisi. Mtunzi wa takhmisi hupokea utenzi au kasida ya mwenziwe yenye vipande viwili viwili, akautungia kila ubeti vipande vitatu vyake, ukawa na vitano. Vipande vyake havifuati nyuma ya vile vya zamani. Vinatangulia. Mgeni huingia kwanza, mwenyeji humalizia. Maneno ya kale hayaguswi hata moja, lakini yanaposomwa baada ya yale mapya huwa hayasemi tena yaliyokuwa yakisema. Ndivyo beti zinazonasibishwa na Liyongo zilivyotufikia zikiwa zimevikwa takhmisi, na wengi waliozihifadhi hawawezi tena kuzisikia peke yake.

Afterlives ni takhmisi ya Peponi. Haianzi pale kikosi kilipotokomea. Inarudi nyuma, kwa karani Khalifa na ujana wake, kwa vita vya Maji Maji, kwa watoto wawili mtu na dada yake waliopotezana, na inakuja kuifikia vita ya 1914 upya, kwa njia zake yenyewe. Ukiisoma kisha ukarudi kwenye ukurasa wa mwisho wa Peponi, mbio za Yusuf si zile tena. Kwa sababu Gurnah amekipasua kitendo kile vipande viwili. Hamza anakwenda vitani kwa sababu hana pa kukaa. Anajeruhiwa, anarudi pwani na ulemavu wake, anaoa, anazeeka. Ilyas anakwenda kwa sababu anawaamini Wajerumani waliomsomesha, na huyo harudi. Habari zake zinakuja kupatikana mwishoni kabisa, Ujerumani, katika kumbukumbu za kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Kambi hiyo hiyo ndiyo alimofia mwaka 1944 mtu wa kweli kutoka Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyekuwa askari mtoto wa Wajerumani kisha akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu. Kwa hiyo swali la Yusuf amekimbilia wapi lina majibu mawili, na msomaji hana ruhusa ya kuchagua moja. Juzuu ya pili ya kawaida, yenye jina la Yusuf juu ya jalada, ingelazimika kuchagua.

Huo ndio ubora wa Afterlives. Kasoro yake inaonekana vizuri zaidi ukikaa Makanya.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kutoka upande wa Kilimanjaro kwa safu tatu: moja kando ya mto Pangani, moja kandokando ya reli, na moja kwa kupenya pengo la Ngulu, linalotenga safu za milima ya Upare. Wajerumani walirudi nyuma mbele yao wakiing'oa na kuiharibu reli njiani. Same, Makanya, Hedaru, stesheni kwa stesheni, nchi ilipitiwa na jeshi linalokimbia na kisha na jeshi linalofukuza, na yote mawili yalikula. Hapa ni upande wa milima usiopata mvua ya kutosha. Mashamba ya Makanya hunyweshwa na mafuriko yanayoshuka mtoni kutoka juu, na watu wa milimani huyakinga maji yao katika ndiva, mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya usiku yatumike mchana. Ghala la chakula katika nchi kama hiyo si kitu cha kugawiwa kikosi. Na majeshi hayakutaka chakula peke yake. Yalitaka mabega. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa njaa na maradhi kwa wingi uliowapita mbali askari waliokufa kwa risasi, na jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza limebaki Dar es Salaam katika mtaa wa Kariakoo, ambako maelfu hupita kila siku kununua nguo na nyanya bila ya kulisikia neno lililo ndani yake.

Gurnah anawajua wapagazi hawa, na kurasa zake za vita haziwafichi. Lakini wanapita. Jicho liko kwa askari, na askari anawaona kama mtu aonavyo mizigo. Vijiji vilivyochomwa vinaonekana kwa mgongo, kikosi kikiondoka. Msomaji wa Makanya, aliyefuata mbio za Yusuf kwa vitabu viwili akitaraji kwamba hatimaye kikosi kitafika kwao, anaambiwa kuwa kimefika na kimekwisha ondoka. Takhmisi ya pili, yenye kutanguliza vipande vya aliyesimama mlangoni akaona vumbi linakuja, haijatungwa.

Historia imejaribu zaidi ya riwaya. Isaria Kimambo, mtu wa Upare aliyekuja kuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1969 historia ya siasa ya Wapare iliyokoma mnamo mwaka 1900. Msomaji wake aliachwa mahali pabaya mno pa kuachwa: Wajerumani wameingia, reli inakuja, na kurasa zimekwisha. Mwaka 1971 akatoa kitabu kifupi juu ya mbiru, upinzani wa kodi uliowakusanya maelfu ya Wapare Same kuanzia mwaka 1945, na mwaka 1991 kingine kikubwa kilichochukua karne nzima, toka 1860 hadi 1960. Mwanahistoria alirudi kuifunga mwenyewe hadithi yake baada ya miaka 22. Lakini vitabu hivyo ni vya Kiingereza na vya wasomi, na kazi yao si kusema mke wa mpagazi alihesabu siku kwa nini.

Katika Afterlives yupo mtu anayekaribia kulisema hilo, naye ni Afiya, dada wa Ilyas. Mtoto huyu anavunjwa mkono na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Anamngoja kaka yake vita vizima na baada ya vita, hata anapokwisha kuolewa na Hamza na kumzaa mtoto wa kiume, anampa jina la yule aliyepotea. Kungoja kule kunahamia kwa mtoto, kunamwingia kama maradhi, na ndicho hatimaye kinachompeleka Ujerumani kutafuta. Ni sehemu bora ya riwaya, bora kuliko kurasa za vita zenyewe. Inaonyesha kwamba Gurnah alijua kuwa aliyekimbia ana nusu tu ya hadithi.

Ndiyo maana inashangaza kwamba miaka yote hii wasomaji, kila walipotamani mwendelezo wa Peponi, waliuliza habari za kijana. Alipigana? Aliuawa? Aliiona tena Kawa, na mama yake? Mazungumzo juu ya mwisho ule hayapungui, na karibu yote yanakimbia pamoja na Yusuf kuelekea kwa kikosi. Amina hatajwi. Yeye naye aliwekwa rehani kwa namna yake, naye aliombwa aondoke pamoja na aliyempenda. Pepo ya Yusuf ilikuwa bustani aliyoruhusiwa kuitamani. Kwake yeye ilikuwa nyumba aliyoozwa. Hakuna jina lolote katika kitabu cha pili linaloweza kusomwa kuwa ni lake, kama Hamza anavyosomeka kuwa Yusuf. Milango ile ilipokomewa, ikiwa kweli ilikomewa, yeye alikuwa upande wa ndani.